Nani Amekula Nyasi? Somo Kuhusu Ushahidi Uliomo Katika Kinyesi cha Wanyama



Katika maeneo mengi ya wafugaji, kiangazi kikishika, vikao vya kamati hurudia malalamiko yale yale. Nyasi zimekwisha. Mwenye ng'ombe anasema mbuzi ndio wanaomaliza malisho. Mwenye mbuzi anasema ng'ombe wa jirani wamezidi. Wanaoishi karibu na hifadhi wanasema pundamilia na nyumbu wamekuja usiku na kula kilichobaki. Mwishowe mtu husimama na kutoa pendekezo: mradi wa mbuzi usimamishwe, au ujengwe uzio, au kila kaya ipunguze mifugo.

Maamuzi ya namna hii si madogo. Kwa kaya yenye mbuzi wanne tu, mbuzi hao ndio ada ya shule na ndio nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Tukiwaondoa kwa kosa ambalo si lao, tumemnyang'anya maskini, na nyasi hazitarudi. Vilevile, fedha za wafadhili zikinunua mnyama anayekula kile kile wanacholishwa wanyama waliopo, mradi utakuwa umeongeza midomo kwenye sahani moja.

Katika somo hili tunaeleza njia moja ambayo wataalamu wameitumia kwa miaka mingi kujua mnyama amekula nini hasa: kuchunguza kwa hadubini vipande vidogo vya mimea vilivyomo katika kinyesi chake. Hatutegemei kila kamati inunue hadubini. Tunachotaka ni kwamba mtaalamu au mwandishi wa mradi akileta madai kuhusu malisho, wajumbe wajue maswali ya kumwuliza.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, wajumbe wa kamati waweze:
1. Kueleza jinsi kinyesi kinavyoonyesha chakula cha mnyama.
2. Kusoma matokeo ya uchunguzi wa aina hii na kujua mipaka yake.
3. Kutofautisha wanyama wanaokula chakula kinachofanana na wanyama wanaogombania chakula.

KWA NINI KUTAZAMA KWA MACHO HAKUTOSHI

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kumfuata mnyama na kumtazama. Njia hii ni nzuri, na mchungaji mzoefu anajua mengi kuliko vitabu. Hata hivyo ina upungufu. Mnyama anapoinamisha kichwa katika mchanganyiko wa nyasi, mtazamaji aliye hatua kumi nyuma haoni ni jani gani limeingia mdomoni. Wanyama wa porini hula hata usiku, na wengine hukimbia wakimwona mtu. Tena macho yetu hukumbuka yale yanayotuuma: tukimwona mbuzi mmoja juu ya mche tulioupanda, tunamkumbuka huyo mwaka mzima, na tunasahau saa nyingi alizokuwa akila majani ya vichaka.

Njia ya pili ni kupima nyasi kabla na baada ya kulishwa. Hii huonyesha kiasi kilichopungua, lakini haisemi nani amekula kama wanyama ni wa aina nyingi.

Njia ya tatu, iliyotumika sana zamani, ni kumwua mnyama na kufungua tumbo lake. Hutoa majibu mazuri, lakini mnyama hupimwa mara moja tu, na kwa wanyama walio wachache au wanaolindwa na sheria haifai.

Kinyesi, kwa upande wake, kinapatikana kila siku, hakimdhuru mnyama, na mnyama yule yule anaweza kufuatiliwa masika na kiangazi.

KILA MMEA UNA ALAMA YAKE

Jani lina ngozi ya nje iliyofunikwa na utando mwembamba unaofanana na nta. Sehemu laini ya ndani ya jani humeng'enywa, lakini utando huo na ngozi iliyo chini yake mara nyingi hupita tumboni bila kuharibika kabisa. Hutoka katika vipande vidogo sana, vingi vikiwa chini ya milimita moja.

Ukivitazama vipande hivyo kwa hadubini, utaona kwamba mimea haifanani. Tuanze na tofauti kubwa. Seli za ngozi ya nyasi ni ndefu na zimejipanga katika safu zilizonyooka, kama matofali yaliyojengwa vizuri. Seli za mimea ya majani mapana, kama magugu na vichaka, mara nyingi zimepindapinda na kushikana pande zote bila safu. Vitundu vya kupumulia, ambavyo shuleni huitwa stomata, navyo hutofautiana. Katika mimea mingi ya majani mapana, kila kitundu kinalindwa na seli mbili zenye umbo la figo au maharage. Katika nyasi, seli hizo zina umbo la mfupa: nene kwenye ncha na nyembamba katikati.

Ziko pia tofauti kati ya nyasi na nyasi. Ndani ya ngozi ya nyasi kuna chembe ngumu za silika, madini yale yale yaliyo katika mchanga na kioo. Katika ukoo mmoja wa nyasi chembe hizo zina umbo la mfupa au la msalaba. Katika ukoo mwingine, ambamo imo nyasi inayotambaa iitwayo kitaalamu Cynodon dactylon, nyingi zina umbo la tandiko la punda. Ongeza hapo vinyweleo, miiba midogo ya ukingoni mwa jani na mpangilio wa seli fupi na ndefu, na mtaalamu aliyezoea anaweza kutaja jina la nyasi kwa kipande ambacho jicho tupu halikioni.

NJIA HII ILIANZIA WAPI

Mwaka 1939 watafiti wawili wa Marekani, Baumgartner na Martin, walichapisha makala kuhusu kutumia umbo la ndani la mimea kujua chakula cha kindi. Mwaka 1949 Dusi aliendeleza njia hiyo kwa sungura wa porini. Mwaka 1967 D. R. M. Stewart alichapisha uchunguzi mrefu wa ngozi za mimea katika vinyesi vya wanyama wala nyasi, na mwaka 1970 yeye na Joan Stewart walitoa matokeo kuhusu chakula cha wanyama wa nyanda za Afrika.

Hatua nyingine muhimu ilifanyika Colorado, Marekani, mwaka 1968. Sparks na Malechek walijiuliza swali ambalo hata kamati ingeuliza: je, tukihesabu vipande kwa hadubini, tunapata uzito wa kweli wa kila mmea ulioliwa? Walitengeneza michanganyiko ya mimea ambayo uzito wake waliujua, wakaihesabu kwa hadubini, kisha wakalinganisha. Majibu ya hadubini yalikaribiana na uzito halisi. Tangu hapo namna yao ya kuhesabu ndiyo iliyoenea katika maabara nyingi.

KAZI INAVYOFANYIKA, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: kukusanya mimea ya mahali. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika katika bajeti. Kabla ya kugusa kinyesi, lazima kila mmea unaoweza kuliwa katika eneo hilo ukusanywe, utajwe jina na utengenezewe kioo chake cha hadubini. Jani, bua, ua na tunda huandaliwa kila kimoja peke yake. Majina huthibitishwa katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Tanzania ina hebaria ya taifa Arusha, na Kenya ina Hebaria ya Afrika Mashariki Nairobi. Wachungaji na wazee wanaojua mimea kwa majina ya kienyeji ni msaada mkubwa hapa, na wastahili kulipwa kama wataalamu wengine. Bila mkusanyiko huu, mtu wa hadubini ni kama shahidi aliyewaona watu wengi lakini hamjui hata mmoja kwa jina.

Hatua ya pili: kukusanya kinyesi. Huchukuliwa kikiwa kibichi, ikiwezekana mnyama akiwa ameonekana akikitoa, kwa sababu mavi ya mbuzi na ya kondoo ni vigumu kuyatofautisha. Huchukuliwa kidogo kidogo kutoka kwa wanyama wengi, wala si kingi kutoka kwa mnyama mmoja. Kila mfuko huandikwa tarehe, mahali na aina ya mnyama. Kisha kinyesi hukaushwa au huhifadhiwa kwa chumvi au spiriti ili kisioze. Anayekusanya avae glavu na kunawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa kinyesi kinaweza kubeba minyoo na magonjwa.

Hatua ya tatu: kusaga na kuosha. Sampuli iliyokauka husagwa ili vipande vyote vikaribiane ukubwa, kwa kawaida kupitia chekeche lenye matundu ya milimita moja. Huoshwa juu ya chekeche laini zaidi ili vumbi na uchafu viondoke. Rangi ya kijani na kahawia hutolewa kwa dawa, na maabara nyingine hutumia dawa ya kawaida ya kung'arisha nguo, ile tunayoiita jiki. Baada ya hapo vipande hutandazwa kwenye kioo na kufunikwa kwa kioo kingine chembamba.

Hatua ya nne: kuhesabu. Mtaalamu hutazama kioo kikiwa kimekuzwa mara 100. Katika utaratibu uliozoeleka, hutengeneza vioo vitano kwa kila sampuli na kutazama sehemu 20 katika kila kioo, jumla sehemu 100. Katika kila sehemu huandika mimea aliyoitambua. Idadi hizo hubadilishwa kwa hesabu maalumu kuwa asilimia ya chakula.

KUSOMA MATOKEO: MFANO WA KUFUNDISHIA

Namba zifuatazo ni za kufundishia tu. Hazitoki katika kijiji chochote. Tuseme uchunguzi wa kiangazi umeonyesha hivi kwa kila asilimia 100 ya chakula:

Ng'ombe: nyasi ya kwanza 40, nyasi ya pili 30, nyasi ya tatu 20, majani ya vichaka 10.
Kondoo: nyasi ya kwanza 30, nyasi ya pili 25, nyasi ya tatu 15, majani ya vichaka 30.
Mbuzi: nyasi ya kwanza 10, nyasi ya pili 10, nyasi ya tatu 5, majani ya vichaka 75.

Ili kujua wanyama wawili wanafanana kiasi gani kwa chakula, chukua namba ndogo katika kila mmea, kisha jumlisha. Kwa ng'ombe na mbuzi: 10 na 10 na 5 na 10, jumla 35. Kwa ng'ombe na kondoo: 30 na 25 na 15 na 10, jumla 80. Maana yake, katika mfano huu, kondoo na ng'ombe wanafanana kwa asilimia 80, na mbuzi na ng'ombe kwa asilimia 35. Kamati iliyokuwa ikiwalaumu mbuzi ingeona kwamba ilikuwa ikimtazama mnyama asiye mhusika mkuu.

Ni kweli kwamba kwa kawaida mbuzi hupendelea majani ya vichaka na miti, ng'ombe hutegemea nyasi, na kondoo wako katikati. Lakini wote hubadilika kufuatana na majira na mahali. Mbuzi wa sehemu isiyo na vichaka atakula nyasi. Ndiyo maana jibu la wilaya moja halifai kunakiliwa katika andiko la mradi wa wilaya nyingine.

WALICHOKIONA SERENGETI

Tuchukue mfano halisi. Wanyama wengi wala nyasi wa Serengeti hushirikiana uwanda mmoja, na mtu akiwatazama kwa mbali atasema wote wanakula kitu kimoja. Mwaka 1968 Gwynne na Bell walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa vipande vya mimea kutoka katika matumbo ya wanyama hao. Hawakuishia kuuliza ni nyasi gani; waliuliza pia ni sehemu gani ya nyasi.

Tofauti ilionekana hapo. Pundamilia walikuwa wamekula zaidi mabua na ala za majani, yaani ile sehemu ya chini ya jani inayolizunguka bua. Nyumbu walikuwa na majani mengi zaidi. Swala tomi, aliye mdogo kuliko wote, alikuwa na sehemu kubwa ya matunda na mimea ya majani mapana inayoota chini kati ya nyasi.

Sababu imo katika maumbile. Nyumbu hucheua, na chakula kigumu hukaa muda mrefu tumboni mwake kabla ya kupita. Pundamilia hacheui, chakula humpitia upesi, hivyo anaweza kuishi kwa chakula duni ilimradi ale kingi. Swala mdogo hana tumbo la kubeba chakula kingi, hivyo huchagua kidogo kilicho bora.

Kutokana na hayo Bell alieleza utaratibu wa kupokezana: pundamilia hutangulia na kuondoa mabua marefu, nyumbu hufuata wakala majani yaliyofunuliwa, na swala huja mwisho kula machipukizi na magugu. Maelezo hayo yalifundishwa kwa miaka mingi. Mwaka 2024 uchunguzi mpya uliochapishwa katika jarida la Science, uliotumia kamera, mikanda ya kufuatilia wanyama na vinasaba vilivyomo katika kinyesi, uliyarekebisha. Kwa mujibu wa uchunguzi huo, pundamilia hutangulia kwa sehemu kubwa kwa sababu nyumbu walio wengi wanamsukuma wakigombania chakula, lakini swala kweli hufaidika kwa kufuata nyuma ya nyumbu. Msingi kwamba chakula chao hutofautiana umebaki. Maelezo ya nani anamsaidia nani ndiyo yaliyobadilika.

KUFANANA KWA CHAKULA SI LAZIMA KUWE KUGOMBANIA

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi ya miradi yanapoanzia.

Wanyama wawili wanaweza kula nyasi ile ile na wasidhuriane, kama nyasi ni nyingi. Wanaweza hata kusaidiana. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, Kenya, tangu mwaka 1995 kuna jaribio la muda mrefu ambamo viwanja vimezungushiwa uzio kwa namna tofauti: vingine vinaingiwa na ng'ombe tu, vingine na wanyama wa porini tu, vingine na wote. Mwaka 2011 Odadi na wenzake walichapisha katika Science matokeo kuhusu ng'ombe waliolishwa katika viwanja hivyo. Wakati wa kiangazi, ng'ombe waliochangia malisho na wanyama wa porini waliongezeka uzito kidogo kuliko ng'ombe waliokuwa peke yao. Hapo wafugaji walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini wakati wa mvua ilikuwa kinyume chake: ng'ombe waliochangia malisho waliongezeka uzito zaidi. Wanyama wa porini, hasa pundamilia, walikuwa wamepunguza mabua makavu, na ng'ombe wakapata majani mabichi yenye ubora.

Kinyesi peke yake kisingeweza kutueleza hayo. Kinyesi kinasema wameonja sahani moja. Hakisemi kama chakula kilitosha wote. Kwa hiyo matokeo ya hadubini lazima yaambatane na kipimo cha kiasi cha nyasi kilichopo, na yachukuliwe masika na kiangazi. Uchunguzi wa msimu mmoja unaweza kumhukumu mnyama kwa mwaka mzima kwa kosa la miezi mitatu.

MIPAKA YA NJIA HII

Njia hii haikosi udhaifu, na mtaalamu mwaminifu atausema mwenyewe.

Kwanza, mimea laini ya majani mapana humeng'enywa zaidi kuliko nyasi ngumu. Kwa hiyo kinyesi mara nyingi huonyesha nyasi nyingi kuliko zilizoliwa, na magugu laini machache kuliko yaliyoliwa. Tukirudi kwenye mfano wetu: kama kinyesi cha mbuzi kimeonyesha majani ya vichaka 75, huenda alikula zaidi ya hapo, na kesi dhidi yake inazidi kuwa dhaifu. Na kondoo aliyeonekana kufanana na ng'ombe kwa asilimia 80, huenda ufanano wake wa kweli ni mdogo kidogo. Maabara nyingine hupunguza kosa hili kwa kuwalisha wanyama chakula kinachojulikana na kuona kinatokaje.

Pili, si kila kipande kinatambulika. Vingine huishia kwenye jina la ukoo tu, na vingine huandikwa "haijulikani". Ripoti isiyo na sehemu ya visivyojulikana itiliwe shaka.

Tatu, kazi hutegemea jicho la mtu. Watazamaji wawili wasiofunzwa sawa wanaweza kutoa majibu mawili kwa kioo kimoja.

Nne, kinyesi hakisemi mnyama alikula kilo ngapi wala alikula wapi. Chakula cha ng'ombe huchukua siku moja hadi tatu hivi kupita tumboni, na katika muda huo mnyama ametembea. Mavi yaliyookotwa ndani ya msitu wa kijiji si ushahidi kwamba mnyama alikula ndani ya msitu huo.

Siku hizi ipo pia njia ya kusoma vinasaba vya mimea, yaani DNA, vilivyobaki katika kinyesi. Mwaka 2015 Kartzinel na wenzake walichapisha uchunguzi wa aina hiyo uliofanyika Laikipia kwa wanyama saba: tembo, nyati, ng'ombe, pundamilia wa kawaida, pundamilia wa Grevy, swala pala na digidigi. Waligundua kwamba hata pundamilia wa aina hizo mbili, ambao wote ni wala nyasi, hawali nyasi zile zile kwa kiasi kile kile. Njia hii hutaja majina ya mimea kwa usahihi mkubwa. Lakini nayo inahitaji mkusanyiko wa mimea ya mahali iliyotajwa majina, inahitaji maabara yenye vifaa vya bei kubwa, na haiwezi kutofautisha bua na jani la mmea mmoja. Jambo lile la Serengeti la pundamilia kula mabua lilionekana kwa hadubini.

KAMATI NA WAFADHILI WAFANYE NINI

Kwa kamati za parokia tunapendekeza yafuatayo:

1. Kabla ya kuamua mnyama wa kugawa, waulizeni wachungaji, wakiwemo watoto na akina mama wanaochunga mbuzi, orodha ya mimea inayoliwa kila msimu. Andikeni majina ya kienyeji. Orodha hiyo haigharimu kitu, na ndiyo mwanzo wa mkusanyiko wa mimea endapo uchunguzi utafanyika.

2. Wasilianeni na afisa mifugo wa wilaya. Kama kuna chuo cha kilimo na mifugo jirani, ulizeni kama wanafunzi wanaweza kufanya kazi hii kama sehemu ya masomo yao. Hadubini ya kawaida ya shule ya sekondari inayokuza mara 100 inatosha kutofautisha nyasi na majani mapana, na kwa maswali mengi ya kijiji tofauti hiyo peke yake ni msaada mkubwa.

3. Msikusanye kinyesi cha wanyama wa porini ndani ya hifadhi bila kibali. Kwa Tanzania, vibali vya utafiti wa wanyamapori hupitia COSTECH na TAWIRI. Kwa Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI.

4. Msitumie matokeo kumwadhibu jirani kabla ya kuyasoma hadharani mbele ya wenye mifugo wote, wenye ng'ombe wengi na wenye mbuzi wawili.

Kwa wafadhili tunaomba mambo mawili. Kwanza, mkipokea andiko linalosema mnyama fulani anaharibu malisho, ulizeni limejuaje: ni kwa kutazama, kwa kinyesi, au kwa uvumi? Pili, mkikubali kugharamia uchunguzi, gharamieni misimu miwili na mkusanyiko wa mimea. Mkusanyiko huo haupigwi picha nzuri za kuweka kwenye ripoti, lakini ukitengenezwa vizuri utatumika na miradi mingine kwa miaka mingi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKAO

1. Katika eneo letu, ni mnyama gani hulaumiwa zaidi kwa kumaliza malisho? Lawama hiyo imetokana na ushahidi gani?

2. Taja mimea mitano inayoliwa na ng'ombe kiangazi, na mitano inayoliwa na mbuzi. Je, ipo inayofanana?

3. Wanyama wawili wanakula nyasi moja. Tutajuaje kama wanagombania au kama kuna ya kutosha?

4. Kama uchunguzi ungeonyesha kwamba wanyama wa mwenyekiti wa kamati ndio wanaomaliza malisho, tungekuwa tayari kupokea matokeo hayo?

5. Ni kaya zipi zitaumia kwanza kama tutaamua vibaya?

Waliotutangulia walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kamati zitakazojadili somo hili zituandikie majibu ya swali la pili, pamoja na majina ya mimea kama yanavyoitwa kwenu. Tunawatakia kikao chema.